Besi ya Upande wa Kushoto

Kilichomuudhi Nyuzi Nne hakikuwa redio. Redio maskini husema inachoambiwa. Kilichomuudhi ni kicheko cha mumewe.

Walikuwa mezani mchana, na mtangazaji wa kipindi cha muziki wa zamani akapiga wimbo wa bendi yake. Yake hasa, ile aliyoipigia gitaa la besi kabla hajaolewa, enzi hizo watu wakimwita Nyuzi Nne kutoka chini ya jukwaa na yeye akijitia hamnazo. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji akawataja wanamuziki mmoja mmoja: mwimbaji, wapiga gitaa wawili, mpiga ngoma, hata yule wa kutikisa kayamba ambaye mara nyingi alipanda jukwaani kalewa. Mpiga besi hakutajwa. Binti yake, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuwa amekuja na mumewe kuwasalimu, akainua uso kutoka kwenye sahani akauliza kwa upole, ule upole unaouma kuliko ukali, "Mama, kwani wewe ulikuwa unapiga nini hasa? Mbona husikiki?"

Ndipo Mzee Karani akacheka. Akasema mama yenu aliwekwa pale awe pambo, kila bendi siku zile ilitaka msichana mmoja wa kuvuta macho ya watu mlangoni. Akaendelea kula. Mkwe naye akatabasamu kidogo, kwa heshima, kisha akakumbuka yuko kwa nani na kuinamia sahani yake.

Neno hilo la pambo halikuwa la Karani. Lilikuwa la kaka yake mkubwa, ambaye Nyuzi Nne alimwita Shemeji na nyumba nzima ikamfuata, hata wajukuu ambao kwao yule ni babu. Shemeji alilisema siku waliyokuja kumposa, mbele ya wazee wa pande zote mbili, akadhani anamsifu. Tangu hapo likawa mzaha wa ukoo. Kila harusi, kila msiba ukishapoa, lazima mtu alikumbushe, na Nyuzi Nne alicheka nao kwa sababu mwanamke asiyecheka huambiwa ana kiburi. Alicheka mpaka akazeeka.

Ushahidi wake ulikuwa mmoja tu: santuri ya bendi, iliyolala kabatini chini ya mashuka. Kwenye jalada yumo, mwembamba, gauni la mistari, gitaa karibu limshinde kimo. Lakini picha haipigi muziki. Akiitoa, Shemeji husema hata yeye akipewa gitaa ashike anaweza kupigwa picha. Mashine ya kuchezea santuri hawakuwahi kuwa nayo. Walikuwa wamerekodi, siku chache baadaye akaolewa, na santuri ilipotoka na kuletwa nyumbani alikuwa na mimba ya huyu huyu mwalimu. Gitaa lilikuwa mali ya bendi, likabaki na bendi. Wimbo aliusikia kwenye vijiredio vya jikoni na, siku hizi, kwenye simu za watoto, na vitu vidogo namna hiyo havina kifua cha kubeba besi. Vinatoa sauti ya mwimbaji na magitaa ya juu, huku chini pakabaki patupu. Kwa hiyo hata yeye mwenyewe hakuwahi kujisikia. Hilo hakumwambia mtu.

Siku ile ya kicheko aliosha vyombo, akavifuta, akavipanga, na alipofunga kabati alikuwa ameshakata shauri. Zamu yake ya kupokea pesa za kikundi cha akina mama ilikuwa inafika, na nyumba nzima ilishajua italeta kochi jipya. Karani alishachagua hadi rangi. Basi kochi litangoja. Mwaka huu nyumba hii itamsikia, ipende isipende, na akishasikika watajua wenyewe pa kulipeleka lile neno lao.

Duka alilokwenda lilikuwa la vyombo vipya na vilivyotumika, limebanwa kati ya kinyozi na duka la rangi. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye kalamu sikioni, alimtazama akaona bibi, akamfikisha moja kwa moja kwenye spika ndefu yenye taa zinazobadilika rangi. Akaiwasha. Taa zikakimbizana, vioo vya mlango vikalia.

"Mama, hii hata jirani atakuja kulalamika," alisema kwa fahari.

Nyuzi Nne alisimama mbele yake, akafumba macho, akasikiliza mpaka muuzaji akaanza kuona haya. Kisha akasema hapana. Muuzaji akauliza ina kasoro gani, mbona besi yake inatikisa ukuta.

"Inatikisa, lakini inasema neno moja tu, 'bu'. Ikipanda 'bu', ikishuka 'bu'. Mpiga besi ana maneno. Nataka ninayeweza kumsikia anasema nini."

Watu wengi wanadhani besi ni kishindo cha chini. Waache wadhani hivyo, ndio wanaonunua masanduku ya taa. Nyuzi Nne alizunguka duka zima, akigonga ubao wa kila spika kwa kifundo cha kidole. Nyingine zilijibu kama debe. Nyingine zilikuwa plastiki na hazikujibu kitu. Kila alipopata moja yenye matumaini alimwomba muuzaji aiunganishe na apige wimbo ule ule wa bendi nyingine, sehemu ile ile, na muuzaji alipojaribu kuongeza sauti alimwambia aiteremshe, kwa maana sauti ikiwa kubwa kila kitu huonekana kizuri. Maisha yake yote baada ya bendi alikuwa opereta wa simu hospitalini, na masikio yake yalizoea kudai haki yao. Kinyozi wa jirani alikuja mlangoni kutazama kinachoendelea. Mteja wake, nusu ya kichwa kimenyolewa, akaja nyuma yake.

Mwisho alizikuta kwenye kona, chini ya lundo la nyaya: spika mbili za mbao, za zamani, pana, nzito, kitambaa cha mbele kimefifia. Muuzaji akasema hizo za kizee, hata kuzipiga vumbi amechoka. Zilipowashwa, gitaa la besi likatoka na kutembea. Hatua moja, hatua nyingine, kisha likapanda ngazi, na kila ngazi ilikuwa na sauti yake. Nyuzi Nne aliweka mkono kwenye meza ya muuzaji ili asimame vizuri.

Alichukua hizo, na amplifaya ya kuzisukuma, na mashine ya santuri. Santuri yake hakwenda nayo makusudi. Alitaka ichezwe mara ya kwanza nyumbani, mbele ya waliocheka. Muuzaji, ambaye sasa alikuwa amemheshimu, alimweleza namna ya kuzipanga: mbele yako, moja kushoto na moja kulia, umbali kati yao uwe sawa na umbali wa kila moja hadi kwako. Zisibanwe ukutani. Ziwe usawa wa masikio ya mtu aliyekaa.

"Na usizitenganishe, Mama. Hizi ni mume na mke."

Alicheka, akasema amejua ndoa nyingi zilizopona kwa kutenganishwa. Ilikuwa mzaha, lakini hakuutilia maanani ushauri kama alivyopaswa.

Akawaalika wote waje Jumamosi mchana, Shemeji akiwa wa kwanza. Asubuhi ya siku hiyo alikwenda kliniki kupimwa presha, na foleni ikamchelewesha. Vyombo vilifika hayupo. Aliyevipokea ni Karani.

Sasa Karani alikuwa karani wa bohari tangu ujana mpaka kustaafu, na kazi yake ilikuwa kugawa. Mipira ya mikono, sabuni, tochi, chochote kilichoingia alikigawa idara kwa idara, na hajawahi kulalamikiwa. Kuona spika mbili chumba kimoja kulimkera. Akaona sebule inapata mbili wakati chumba cha kulia hakina hata moja. Kwa hiyo moja akaiweka sebuleni, juu ya kabati la vioo, akaitandikia kitambaa cha kufuma chini na kingine juu. Ya pili akaiweka chumba cha kulia, waya akaupitisha juu ya mlango na kuupigilia kwa vimisumari. Kazi safi. Mkwe alimsaidia kubeba na wote wawili walijipongeza.

Nyuzi Nne aliporudi, wageni walikuwa wameshakaa. Shemeji ameshika kiti chake kikubwa pembeni ya dirisha, fimbo katikati ya magoti. Binti na mumewe kwenye kochi, wajukuu sakafuni. Viti vyote vilikuwa vimeegemea kuta nne, kama kawaida ya sebule yao, katikati peupe, utadhani ni mahali pa kuchezea. Akaiona spika moja juu ya kabati, imevaa kitambaa. Akauliza mwenzake yuko wapi. Karani akamwonyesha waya juu ya mlango.

Aliposema kwamba zinatakiwa zikae pamoja, Karani alimwuliza swali la haki kabisa: kama zinacheza santuri moja na zinasema jambo lile lile, ya nini zirundikane chumba kimoja? Hata Nyuzi Nne alidhani zinasema jambo lile lile. Na Shemeji alikuwa tayari ameshatazama saa. Basi Nyuzi Nne akaitoa santuri kabatini, akaifuta, akaiweka kwenye mashine na kushusha sindano.

Magitaa yakaingia. Mwimbaji akaingia. Sauti ilikuwa safi kweli, kuliko redio yoyote waliyowahi kuwa nayo, na binti akasema lo, kama vile yuko humu ndani. Nyuzi Nne alisubiri. Ubeti wa kwanza ukapita. Kiitikio kikapita. Alisogea karibu na kabati, akainua shingo, akaweka sikio. Palikuwa na mwimbaji, palikuwa na gitaa la solo linalolia, palikuwa na sehemu ya ngoma. Chini palikuwa patupu kama jikoni, kama kwenye simu, kama siku zote.

Mjukuu mdogo ndiye aliyeuliza, "Bibi, bado hujaanza?"

Shemeji alikohoa. Akasema, kwa sauti ya mtu anayefariji, kwamba si vibaya. Kila mtu ana kazi yake kwenye bendi, na wengine kazi yao ni kupendeza. Karani hakucheka safari hii, ila aliangalia kochi la zamani, sehemu iliyochanika, na Nyuzi Nne alimwona anavyoiangalia. Damu ikamchemka. Akasema anakwenda kuleta chai, kwa sababu angebaki pale angesema neno ambalo ukoo ungelizungumza miaka.

Akafungua mlango wa chumba cha kulia akapita, na sinia la vikombe lilikuwa linatetemeka mezani.

Alisimama. Spika ya pili ilikuwa juu ya jokofu, na chumba kile, kisicho na mtu, kilikuwa kinapiga nusu ya wimbo. Mwimbaji alisikika kwa mbali, kama aliyeko bafuni. Kayamba ilikuwepo. Na chini yake, nene, ya mviringo, ikitembea juu ya sakafu na kupanda kwenye soli za viatu vyake, ilikuwepo besi. Waliorekodi siku zile waliwagawa watu: hawa kulia, hawa kushoto. Upande wa kushoto ulikuwa wake, na mumewe alikuwa ameutuma ukaishi na jokofu.

Hakuleta chai. Alirudi sebuleni, akainua sindano, akazima amplifaya.

"Inukeni," alisema. "Wote."

Karani akauliza kuna nini. Akamwambia kuna kuhama. Mkwe alipelekwa kung'oa waya na kuileta ile spika ya chumba cha kulia. Binti aliambiwa ashushe ya kabatini, na vitambaa avitie droo, na asivitoe tena. Stuli mbili za jikoni zikaletwa, spika zikawekwa juu yake, mbali na ukuta. Nyuzi Nne akachukua kamba ya kuanikia nguo, akapima kutoka spika hadi spika, akafunga fundo, kisha akavuta kamba ile ile kutoka kila spika kuja katikati ya chumba mpaka akapata pa kuketi. Hapo, mahali ambapo kwa miaka yote hapakuwahi kukaa hata kigoda, akaamuru kochi liburutwe. Karani akanong'ona kwamba sebule imegeuka stesheni. Yeye akamwambia ashike upande wake wa kochi aache kunong'ona.

Alibaki Shemeji. Kiti chake kilikuwa mbele hasa ya spika ya kushoto, kikiiziba. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwondoa Shemeji kwenye kiti kile. Watoto walifundishwa kukizunguka.

"Shemeji, inuka."

"Hapa pananitosha," alisema.

"Wewe pamekutosha tangu siku uliyokuja kuniposa kwa ajili ya mdogo wako. Mimi leo pamenibana. Inuka, ukae pale kwenye kochi, katikati, na usikilize."

Karani alitazama dari. Shemeji alimtazama mdogo wake, akangoja atetewe, akaona hatetewi, akaegemea fimbo na kuinuka. Alijikalisha katikati ya kochi, kidevu juu. Nyuzi Nne akakisukuma kile kiti nje hadi barazani kwa goti.

Akashusha sindano.

Safari hii chumba kilijaa. Mwimbaji hakuwa tena kulia wala kushoto, alisimama hewani kati ya stuli mbili, na mjukuu mdogo alikwenda kupapasa hapo aone kama kuna mtu. Solo ilikuwa kulia. Na kushoto, chini, besi ikaanza kutembea, kila hatua ikisikika, kila hatua ikigusa kochi. Binti alijishika kifua. Mkwe akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. Karani alisema, "Kumbe," kisha akasema tena, "Kumbe."

Nyuzi Nne alikuwa amesimama nyuma ya kochi akitabasamu. Alitabasamu ubeti wa kwanza wote. Kwenye kiitikio tabasamu likaanza kumchoka usoni, na ubeti wa pili ulipoingia lilikuwa limekwisha.

Ubeti wa pili ndio uliomfanya aitwe jina lake. Pale wenzake wote walipokuwa wakiingia pamoja kwenye mdundo, yeye alikuwa akichelewa makusudi. Aliacha wakanyage, akahesabu pumzi, ndipo akaingia nyuma yao na kupanda nyuzi zote nne mpaka juu, akawakuta wanakotaka kwenda na kuwangoja. Watu chini walikuwa wanapiga yowe wakiijua inakuja. Huyu wa kwenye spika hakuchelewa. Huyu aliwahi kila mdundo, akakanyaga mahali pake, akarudi, akakanyaga tena. Alipiga sawasawa, kwa adabu, bila kosa hata moja, na hakupanda popote.

Akakumbuka. Muda mfupi baada ya harusi, kiongozi wa bendi alimtumia salamu kwamba wamerudi studio kidogo kusafisha sauti. Yeye akafurahi, akajibu hongereni. Leo, kwa mara ya kwanza, alisikia walichokisafisha. Walimtoa yeye, wakamweka mtu mwingine, wakabakiza picha. Ukweli ni kwamba kwenye santuri ile alikuwa pambo.

Alishika mgongo wa kochi. Binti aligeuka akaona machozi yanamlenga mama yake, akayafahamu vibaya. Akainuka akamkumbatia.

"Mama, nisamehe. Kumbe ulikuwa mkubwa hivi."

Na Shemeji, ambaye hajawahi kumwomba mtu radhi hadharani, aliondoa kofia yake akaiweka gotini. Alisema, taratibu, kama anayelipima kila neno, "Shemeji, nilikukosea. Hii si kazi ya pambo. Nilisema nisichokijua, na nilikisema mara nyingi."

Ndiyo hayo. Maneno aliyoyangoja tangu siku ya posa, yameletwa mbele ya mumewe, mwanawe na wajukuu wake, na kazi yake ilikuwa kuyapokea tu. Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Wenzake wa bendi wengi walishafariki, na yule mtu wa kushoto hata jina halikuandikwa kwenye jalada. Angenyamaza, angekuwa Nyuzi Nne mpaka kaburini. Alitamani kunyamaza. Alitamani hivyo kwa mwili mzima.

Lakini masikio yake hayakumruhusu. Yule mtu alikuwa bado anapiga pale kushoto, mguu mmoja, mguu mwingine, na wajukuu wanamsikiliza wakidhani ni bibi yao. Hasira ikampanda kutoka miguuni. Kumnyang'anya nafasi ilikuwa dharau moja. Kusifiwa kwa kazi hafifu namna hii ilikuwa dharau ya pili, na hii ya pili hakuna aliyemlazimisha kuipokea.

"Huyo si mimi," alisema.

Binti akamwachia. Karani akauliza anasema nini.

"Nasema huyo anayepiga si mimi. Walirudia wimbo nilipokuja kwenu, wakamweka mtu mwingine. Nimemjua sasa hivi, pamoja nanyi. Na radhi yako, Shemeji, irudishe mfukoni kwanza. Sitaki kusifiwa kwa besi ya mtu asiyejua kuchelewa."

Kofia ya Shemeji ikarudi kichwani nusu, ikasimama hapo. Alianza kusema kwamba basi, kwa hiyo, ikiwa hivyo ndivyo, hata yeye hakuwa amekosea sana. Nyuzi Nne alimpita katikati ya sentensi. Alikwenda kwenye amplifaya, akairudisha sindano mwanzo wa wimbo, akatafuta kitufe cha mviringo cha kuhamishia sauti kulia au kushoto, akakizungusha kulia mpaka kikagoma.

Spika ya kushoto ikanyamaza. Wimbo ukabaki na upande mmoja, mwepesi, unayumba. Karani, ambaye hakupenda kuona chombo kizima hakifanyi kazi, akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Usimrudishe," alisema mkewe.

Mkono ukashuka.

Nyuzi Nne akaenda kusimama mbele ya spika iliyonyamaza, akawaelekea. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, gitaa hakuwa nalo, na mdomo ndio uliobaki. Akavuta pumzi kutoka tumboni, akaanza. Dum, dum-du, dum. Mjukuu mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Sauti ilikuwa ya kukwaruza mwanzoni, ya bibi aliyetoka kliniki, kisha ikashuka, ikapata sakafu, ikatulia. Magitaa ya zamani yakaja kulia kwake na akatembea nayo. Alishika kiitikio akakibeba. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unapiga chini, na vidole, hivyo hivyo vilivyokakamaa, vilikuwa vinakwenda juu ya tumbo lake kutafuta nyuzi.

Ubeti wa pili ukafika. Wenzake wote kwenye santuri wakaingia pamoja, na yeye akanyamaza.

Chumba kizima kiliisikia ile nafasi. Binti alidhani mama amesahau. Mkwe akaacha kupumua. Karani peke yake aliinua mkono hewani, taratibu, bila kujua anaufanya nini, kama alivyoinua kijana mmoja chini ya jukwaa akingoja kile alichojua kinakuja. Ndipo Nyuzi Nne akaingia, nyuma ya wote, akapanda, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akafika juu kabla yao na kuwangoja.

"Ndiyo hiyo," alisema Karani. Sauti yake ilikuwa imepasuka. "Kaka, ndiyo hiyo. Hiyo ndiyo niliyoifuata mimi."

Shemeji alikuwa ameivua kofia tena, na safari hii hakuiweka gotini, aliishika kwa mikono yote miwili. Nyuzi Nne aliwaona wote, na hakusimama kuwaonea huruma. Wimbo kwenye santuri ukaanza kufifia, kama walivyoupunguza studio siku ile, mwimbaji akaenda, solo ikaenda, sindano ikabaki inakwaruza mahali patupu. Yeye hakunyamaza. Alikuwa bado ana ubeti mwingine, ule ambao hawakuwahi kuurekodi, na aliupiga wote mpaka mwisho.